Kabla ya Agadir, Azaiba

Mume wangu alipoanza kuuliza nimeziweka wapi sufuria zetu za safari, nilijua anatuandaa kwenda Salala tena. Kila joto likikaza hapa Maskati sisi hupanda gari, tukalikata jangwa kutwa nzima kwenda kutafuta ukungu na manyunyu ya kule, naye hufurahi kama mtoto siku skuli inapofungwa. Mimi Salala naipenda. Lakini nimeshaipenda mara nyingi mno. Mwaka huo nilitaka bahari, tena bahari ya kukaa mbele yake ukapigwa na upepo wa baridi, si hii yetu ya Juni ambayo ukitia mguu unadhani mtu kamwaga mchuzi.

Nafanya kazi kwenye duka la dawa huku Bawshar, na mwenzangu mmoja pale ni Mmoroko, kijana wa watu mpole, mwenyeji wa Agadir. Siku moja nilikuwa nalalamika joto, akaniambia kwao mwezi wa Julai watu jioni huvaa sweta. Neno hilo sweta likaniingia moyoni likakaa. Akanambia tena kwamba khaloo yake, dada wa mama yake, ana nyumba ya kukodisha karibu na ufukwe, ghorofa ya pili, na baraza inayotazama maji. Jioni ile nilirudi nyumbani na maneno yangu tayari.

"Mwaka huu twende Agadir."

"Agadir iko wapi?" akauliza mume wangu.

"Moroko."

"Gari haifiki huko."

"Tutapanda ndege."

"Na sufuria?"

"Sufuria zitabaki hapa zipumzike."

Alikwenda kumwagilia maji mndimu wake uani, na kwa desturi yake hiyo ni ishara kwamba jambo halijakataliwa.

Ijumaa yake tulikuwa wanne mezani. Watoto wetu wameshaoa na kuolewa, wana mipango yao, kwa hivyo chakula cha Ijumaa tunakula sisi wawili, mama yangu mzazi tunayekaa naye, na wifi yangu, dada yake mume wangu. Wifi ni mjane, ana duka la vitambaa Matrah, na Ijumaa ndiyo siku anayopumzika. Hao ndugu wawili walizaliwa Ujiji, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, na Kiswahili chao ni cha bara. Mama yangu ni mtoto wa Mji Mkongwe, Unguja, na kwa miaka yote tuliyoishi pamoja hajawahi kukubali kwamba mtu wa Ujiji anaweza kuunga nazi vizuri wala kusema Kiswahili kikanyooka. Wanapendana, lakini kila Ijumaa lazima warushiane mawili matatu kabla ya kahawa.

Nikatoa khabari yangu ya Agadir. Nilimtazama mama, maana nilidhani atasema magoti yake hayawezi ndege. Aliweka tonge lake chini.

"Mie nnakwenda," akasema. "Lakini siendi kukaa kitako nikatazama maji. Nikifika huko nnaingia."

"Unaingia wapi, mama?"

"Baharini! Kwani weye unanipeleka ufukweni au unanipeleka skuli?" Kisha akaendelea, "Nimezaliwa Unguja, nikahamia Maskati. Kote kuwili bahari imenizunguka. Na maji ya bahari hayajapata kunipita kifundo cha mguu. Kaka zangu walikuwa wakijirusha majini kutwa, sisi wasichana tunawatizama kwa dirishani. Nikasema nikikua. Nikakua, nikaolewa, nikazaa, sasa nna wajukuu wenye ndevu."

Sikuwa nimewahi kuyasikia maneno hayo. Nilijua mama haogelei, kama nijuavyo kwamba hali pilipili, lakini sikujua kama kuna siku alitaka. Mimi mwenyewe siogelei.

Wifi ndiye aliyesema. "Mama, nitakufundisha mimi."

"Weye?"

"Mimi. Nimeogelea kabla sijajua kusoma."

"Wapi? Huko bara?"

"Ziwani, mama. Ziwa Tanganyika, ukisimama upande huu ng'ambo huioni siku ya vumbi."

"Ziwa!" Mama alicheka mpaka kanga ikamtoka kichwani. "Maji ya kupikia chai hayo! Mtoto wa pwani afunzwe kuogelea na mtu wa ziwani. Wallahi nikifa leo, kaburini watanicheka."

"Basi utawaambia ulicheleweshwa na watu wa pwani," akajibu wifi, na akaendelea kula samaki wake. Mume wangu aliinamia sahani asionekane anacheka.

Kufika Alasiri ilikuwa imeshakubaliwa. Mama alitoa sharti moja tu, kwamba asionekane na mwanamume yeyote.

Tulikodi istiraha, zile nyumba za mapumziko za huko njia ya Barka zenye bustani na hodhi la kuogelea, ukuta mrefu pande zote. Tulikwenda wanawake watatu, na kapu la maandazi, na mume wangu akatuteremsha langoni akarudi zake. Wifi alikuwa amemshonea mama vazi la kuogelea kwa kitambaa cha dukani mwake, suruali na gauni la juu lenye mikono, kitambaa chepesi kisichonyonya maji. Mama alilitazama akasema rangi yake nyeusi, na yeye haendi matangani. Akaingia na dera lake la maua.

"Dera litakuletea tabu," wifi alimwambia.

"Dera nnavaa tangu hujazaliwa."

Alishuka ngazi za hodhi moja moja, bismillahi kila ngazi. Maji yalipomfika kiunoni dera likashika hewa. Likajaa, likapanda juu, likamzunguka pande zote kama mwavuli wa maua, na mama katikati yake kichwa tu. Mimi nilicheka. Sikuweza kujizuia, nilikaa chini kwenye vigae nikacheka. Mama alitaka kulishusha kwa mikono miwili, mguu ukateleza, akazama. Haikuwa muda, wifi alikuwa ubavuni kwake, akamshika kwapani akamwinua. Lakini alikuwa ameshakunywa maji, anakohoa, macho mekundu, na dera lote limemganda mwilini kama unga wa sambusa.

Alitoka, akajifunga taulo, akakaa kwenye kiti na mgongo wake kwetu. Maandazi tulirudi nayo.

Kufika nyumbani alisema maneno machache, tena kwa mume wangu, si kwangu. "Mwambieni yule mama wa huko Agadir kuwa sisi hatuji. Nendeni Salala yenu."

Wiki ile nyumba yetu ilikuwa na utulivu usiopendeza. Wifi alipiga simu, mama akawa anaswali. Akapiga tena, mama akawa amelala. Ijumaa wifi hakuja kula, akasema ana mzigo wa kupanga dukani, ingawa sote tulijua Ijumaa hapangi mzigo. Na mama hakupika mkate wa kumimina. Huo ndio uliomwuma mume wangu. Alikaa mezani mbele ya mkate wa dukani akautazama kwa muda mrefu.

Kumbe khaloo yake mwenzangu wa kazini alikuwa hajui lolote katika hayo. Yeye aliendelea kunitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, kila ujumbe mrefu, kwa Kiarabu chao cha Moroko kinachokwenda mbio kama maji ya mferejini. Sisi Kiarabu tunakijua, cha hapa. Chao nilikuwa naokota neno moja katika matano. Jioni moja nilikuwa nasikiliza ujumbe wake sebuleni, mama yuko pembeni na tasbihi yake, kajifanya hasikii. Yule bibi alizungumza, akazungumza, mwisho akasema, "Safi, safi," akakata.

Mama akageuka. "Kasema safi?"

"Ndiyo."

"Anajua Kiswahili?"

"Sidhani, mama."

"Kasema safi mara mbili. Mtu wa watu. Hebu rejesha nisikie tena."

Nikarejesha. Safari hii mama alisogea karibu, akaweka sikio. Katikati ya ujumbe akanishika mkono. "Simamisha. Kasema atatupikia hut?"

Nilisikiliza tena, na kweli lilikuwa neno hilo. Na kwa Kiarabu cha kwetu hut ni nyangumi.

"Hut!" mama akasema. "Yule aliyemmeza Nabii Yunus? Watu hawa wanamla? Na sufuria gani inayomwingia?"

Kwa mara ya kwanza tangu istiraha, alikuwa anacheka. Asubuhi nilimwuliza mwenzangu, akacheka mpaka mteja akashangaa. Kwao hut ni samaki, samaki yeyote, hata dagaa. Na safi ni kama kusema basi, tumemaliza. Nilipomletea mama tafsiri hiyo, ya samaki alishukuru, lakini ya safi aliikataa. Alichukua simu yangu, akabonyeza kama alivyoniona nikifanya, akamtumia yule bibi ujumbe kwa Kiarabu cha Maskati kilichochanganyika na Kiunguja. Alimwambia samaki tunampenda, atie ndimu, asizidishe pilipili, na sisi tutaleta halua. Akamalizia, "Safi sana, dada yangu."

Nikamwuliza, "Kwa hivyo tunakwenda?"

"Nani kasema hatwendi?"

Mume wangu alikuwa mlangoni amesikia yote. Alitoka, akawasha gari, akapotea. Aliporudi, kulikuwa na kitu kikubwa cheusi kimejaza nyuma ya gari hata kioo hakionekani. Alikuwa ametoka Ghala kwenye magereji, kwa fundi anayetengeneza malori, na kile kitu kilikuwa ni tyubu ya tairi la lori, imejazwa upepo tele, ina kiraka kimoja chekundu.

"Hii haizami," akamwambia mama. "Huyu fundi anasema hata wakipanda watu watatu haizami. Mama, twende Azaiba baada ya Alfajiri. Saa hizo ufukwe mtupu. Mimi nitakaa garini nitazame upande wa barabara, wallahi sigeuki. Na dada yangu nimeshampigia."

Mtu aliyekuwa anautaka ukungu wa Salala ndiye huyo sasa anaiosha tyubu uani kwa sabuni. Nilimpenda sana saa ile, na sikumwambia.

Asubuhi ya kwanza Azaiba wifi alikuja na vazi jipya. Alikuwa amelishona upya kwa rangi ya zambarau. Alimpa mama bila ya maneno mengi, na mama akalipokea bila ya maneno mengi, akaenda kulivaa nyuma ya mlango wa gari huku mimi nimeshika kanga kumkinga. Alipotoka alijitazama chini. "Sasa hii ni nguo," akasema. Ikawa ndiyo radhi yake, na wifi akaielewa.

Bahari ilikuwa imelala kabisa. Mama alikaa ndani ya tyubu, miguu inaning'inia, mikono imeshika mpira, na wifi akaisukuma polepole mpaka maji yakamfika yeye wifi kifuani. Mimi nilibaki ukingoni na mataulo na chupa ya chai. Hapakuwa na sauti nyingine, kwa hivyo maneno yao yote yalinifika.

"Nani alikufunza weye?" mama akamwuliza.

"Mama yangu. Alikuwa akienda kuosha vyombo ziwani, mimi nikachezea sufuria. Sufuria ikienda, naifuata. Siku moja nikaifuata mbali, akaona narudi nayo mwenyewe. Hakunipiga. Aliniambia, basi, kesho utanioshea na mikeka."

"Na hapa Maskati huwa unaogelea?"

"Tangu mume wangu afariki sijaingia baharini mpaka leo. Tulikuwa tukija pamoja, yeye anakaa mchangani ananisubiri. Baadaye nikaona, nikitoka majini nitamkuta nani?"

Niliona mkono wa mama unatoka kwenye mpira, unamgusa wifi begani, unabaki hapo.

Tulikwenda asubuhi nyingi. Wifi alimfundisha kupuliza pumzi chini ya maji, kisha kulaza kichwa nyuma masikio yazame. Hilo la masikio lilikuwa gumu. Mama alisema anasikia moyo wake mwenyewe na hataki kuusikia. "Maji huyashiki, mama," wifi alikuwa akimwambia. "Unayalalia. Kama godoro." Mama akajibu kwamba godoro lina kitanda chini. Siku nyingine waligombana hata wakarudi kila mmoja kiti chake cha gari, mmoja mbele mmoja nyuma. Lakini kesho yake alikuwa wa kwanza kuamka, nikisikia anapita ukumbini na ndala zake.

Kisha ikaja asubuhi ile. Nilikuwa namimina chai kwenye kifuniko cha chupa. Nilipoinua macho niliiona tyubu peke yake. Ilikuwa inakwenda zake upande wa Sib, nyeusi, tupu, na kiraka chake chekundu juu. Niliangusha chai nikakimbilia majini na viatu vyangu, napiga kelele, "Mama! Mama!"

"Usipige kelele," sauti ya wifi ikanijibu. "Utamwamsha."

Mama alikuwa chali juu ya maji, nguo ya zambarau imetandazika pembeni, macho amefumba, mikono wazi. Wifi alikuwa kando yake na mikono yake yote miwili ameiinua juu ili nione kwamba hamshiki. Mama alikuwa anapumua. Tumbo lake lilipanda, likashuka, na bahari ikampandisha na kumshusha vilevile. Mtu mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi ya kukimbia alipita, akaona, akageuza uso upande wa barabara kwa adabu, akaendelea.

"Nimeiachia mwenyewe," mama akasema, macho bado amefumba. "Hakuniambia mtu."

Mume wangu, kwa kelele zangu, alikuwa amegeuka. Kiapo chake kiliishia hapo. Lakini hakumwangalia mama. Aliiona tyubu inaondoka, na tyubu ilikuwa ni amana ya yule fundi. Akainua kanzu yake mpaka magotini, akakimbia ufukwe mzima anaifukuza. Ilimchukua muda. Aliporudi nayo kichwani, kanzu imelowa, kofia imepotea, mama alikuwa ameshakaa mchangani na taulo mabegani, anakunywa chai iliyobaki.

"Huyu naye anakwenda," mama akatuambia, akimwonyesha wifi kwa kidevu.

"Mama, mimi nina duka," wifi akasema.

"Duka lina kufuli, halina?"

"Lina."

"Basi litie kufuli. Mie siingii bahari ya watu na mtu mwingine." Kisha akaongeza, sauti ya chini kidogo, "Na ukitoka majini utanikuta mie."

Wifi aligeuka akawa anakamua maji kwenye nywele, kwa muda mrefu kuliko nywele zilivyohitaji.

Tulifika Agadir tumechoka, baada ya ndege mbili na kungoja kwingi Casablanca. Yule bibi alitupokea mlangoni, mfupi, mnene, anacheka, akambusu mama mashavu yote na akaanza kuzungumza. Mama naye akaanza. Hawakungojana. Nilipotoka kuweka mizigo chumbani niliwakuta jikoni wanafungua kopo la halua pamoja, kila mmoja na lugha yake.

Asubuhi tulitoka barazani na hatukuiona bahari. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, mweupe, mzito, na hewa ina baridi ya kweli. Mume wangu alisimama akavuta pumzi, uso ukamkunjuka. "Hii Salala hii," akasema. "Mbona hukunambia?" Akavaa sweta, akakaa barazani na chai ya nanaa, na kwa kweli hatukumtoa hapo mpaka jua lilipopasua mchana.

Ufukwe wa kule ni mrefu, umepinda kama mundu, na mawimbi yake si ya kwetu. Yanakuja marefu, yanajikunja, yanavunjika. Mama alisimama na vazi lake la zambarau akayatazama. Alitia kidole cha mguu.

"Subhana Llah! Nani katia barafu?"

Alirudi nyuma. Akakaa. Siku ile hakuingia, wala hatukumshawishi. Alikaa na wifi mchangani wakila karanga, wakiwachambua wapita njia. Nilifikiri, basi, tumekuja mbali hivi na itakuwa hivi, nayo si mbaya.

Siku iliyofuata alinyanyuka bila ya kutuambia, akamshika wifi mkono, wakaingia. Wimbi la kwanza liliwapiga magotini wakapiga ukelele kama wasichana. La pili likawapiga vifuani. La tatu likawazoa wote wawili, likawarejesha mchangani matako chini, wanacheka, mchanga hadi masikioni. Wakanyanyuka wakaingia tena. Walipovuka pale mawimbi yanapovunjika, maji yakatulia kidogo, nikamwona mama analaza kichwa nyuma. Alielea. Si kwa muda mrefu, maana baridi ile haina mzaha, lakini alielea, na wifi kando yake anaelea naye.

Mimi nilikuwa nimesimama na mataulo. Mama akainua kichwa, akaniona.

"Na weye hapo unangoja nini? Nani aliyetuleta huku?"

"Mimi sijui kuogelea, mama!"

"Mie nilikuwa nnajua?"

Sikuwa na vazi la kuogelea. Nilikuwa na suruali na shati refu. Niliweka mataulo chini. Maji yalinikata miguu kama kisu, nikasema yote niliyoyajua katika dua. Wifi alikuja kunichukua mkono mmoja, mama akanichukua wa pili, na wimbi likaja. Mama akanambia nizibe pumzi, kwa sauti ileile aliyokuwa akinifunza kufunga kamba za viatu, na nikaziba.

Tulipotoka, meno yangu yalikuwa yanagongana na chumvi imenijaa puani. Mume wangu alikuwa ameshuka kutoka barazani na sweta zote alizozikuta nyumbani, akawa anatuvisha mmoja mmoja. Yule bibi wa nyumba akatuita kwa juu kwamba samaki wameiva. Tulipanda ngazi tunadondosha maji, mama mbele, akimweleza wifi makosa aliyoyafanya pale kwenye wimbi la tatu.